Boma Lililojaa Ndege

Ukimuuliza mtu yeyote wa Kiptere habari za nyumba ya Opondo kando ya ziwa, atakueleza ilivyo: mabati ya buluu, madirisha ya vioo, mti wa siala mbele ya mlango. Hakuna aliyewahi kuiona. Wameisikia kwa Opondo mwenyewe, naye akiwa na kikombe cha chai mkononi husimulia vizuri mno.

Nyumba yenyewe haipo. Opondo alichuma chai kwenye shamba la kampuni mpaka mgongo ukakataa, kisha Chelimo akamwajiri kutunza nyumba yake ya wageni, ile iliyo katikati ya chai, ambako watu wa Nairobi huja kulala wikendi na kupumua. Kila mwaka Opondo alisema kwamba Desemba atashuka Nyakach, kwao kando ya ziwa, akajenge. Mjaluo asiyejenga kwa babake huulizwa maswali, na kadiri Desemba zilivyopita ndivyo alivyozidi kuyaogopa maswali hayo. Tangu amzike babake hakurudi tena. Kwa mtu mwenye aibu, hata kwao pa karibu huwa mbali.

Basi wakaja Mosoti na mkewe Jerusa, walimu wastaafu, watu wapole, kila mmoja na darubini shingoni, Jerusa na kamera pia. Kilichowaleta ni ndege. Siku ya kwanza walizunguka mashamba ya chai wakawatazama wa huko wakatosheka. Kesho yake, wakinywa chai ya asubuhi, Jerusa akauliza kama ziwa liko mbali.

"Ziwa ni hapo tu chini, mkishapita Sondu," Chelimo akasema. "Na muko na bahati, huyu mzee wetu ni mtu wa huko. Opondo, si utawapeleka waone hiyo ndege?"

"Bila shaka, madam," mdomo ukajibu. Moyo haukuulizwa.

Njiani Jerusa alimwonyesha ndege mweusi juu ya waya, akataka kujua jina lake. Opondo alifikiri kidogo akasema huyo ni ndege wa ziwa. Mosoti akaandika. Aibu ya kwanza hiyo, na ilikuwa ndogo. Laiti siku ingeishia hapo.

Alikuwa ameshapanga kuwapeleka ufuo ulio mbali na kwao, ambako hakuna anayemjua. Wakafika, wakakuta pikipiki, wachuuzi wa samaki na redio mbili zikishindana, ila ndege ni wachache tu. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu akawaonea huruma.

"Hapa wamehama, kelele imezidi," alisema. "Wacha niwapeleke kwa gunda moja huko mbele, boma ya watu waliisha. Hakuna mtu wa kuwasumbua huko, ndege wamezaana mpaka mtashangaa."

Maboma yaliyoachwa ni mengi, Opondo akajipa moyo. Wakapita kanisa analolijua. Wakapita kisima alichoteka maji akiwa mtoto. Gari lilipopinda kushoto, hakuwa na moyo wa kujipa tena. Mbele yao ulikuwa ua wa minyaa wa babake, umekua ukawa msitu.

Ndani hapakuwa na nyumba. Palikuwa na miti, na miti ilikuwa myeupe. Yangeyange walijaa kila tawi, viota juu ya viota, makinda yakililia chakula, kwarara wakitua na kuruka. Palipendeza kweli, hakuna wa kubisha. Jerusa aliishusha darubini, akafuta machozi, akaiinua tena. Mosoti naye alikanyagakanyaga nyasi akatafuta mahali pa kukaa, akapata sakafu ndefu ya saruji iliyofunikwa na kinyesi cha ndege.

"Mzee Opondo, weka chai hapa," akaita. "Pako sawa kabisa."

Lilikuwa kaburi la Ojwang, babake.

Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha, na wageni hawa wangeomba msamaha hata kwa wafu. Lakini neno hilo lingevuta mengine, na la mwisho lingekuwa mabati ya buluu. Opondo aliweka thamosi juu ya saruji. Akimimina, chai ikamwagika, naye akaipangusa kwa mkono wa shati. Herufi mbili za jina la babake zikajitokeza. Akaziwekea kikombe juu.

Hapo ndipo mwanamke mzee alipotokea kwenye pengo la ua, jembe begani. Ni Ayoo, mke wa baba yake mdogo, aliyemlea Opondo baada ya mama yake kufariki. Opondo akavuta kofia hadi kwenye nyusi.

"Mama, hujambo," Jerusa akasema. "Hapa palikuwa kwa nani?"

Ayoo aliuza samaki Sondu miaka mingi, na Kiswahili hakimpigi chenga. "Kwa shemeji yangu. Alikufa."

"Hakuacha watoto?"

"Alikuwa na kijana."

"Na yuko wapi sasa?"

Ayoo alimtazama Opondo kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka kwenye kofia, akangoja. Alimpa nafasi yote ya dunia. Opondo akamimina kikombe kingine, akampa kwa mikono miwili, macho chini.

"Alipotea," Ayoo akasema. Akapokea kikombe. "Asante, mgeni."

Opondo ametukanwa na manyapara, lakini hakuna tusi lililowahi kumwingia kama neno hilo la heshima.

"Mungu asaidie pasijengwe tena," Mosoti alisema wakiondoka. "Hawa ndege wangeenda wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Opondo ilipanda mlima, ikapita Sondu, ikaishia kwenye veranda ya Chelimo.

"Mmeona ndege?" Chelimo akauliza kwa furaha. "Na Opondo amewafikisha kwake? Kwa ile nyumba yake ya mabati ya buluu?"

Jerusa akageuka. "Kumbe kwako ni karibu na pale? Mzee, mbona hukutuambia tupite tusalimie watu?"

Opondo alivua kofia. Akaomba kamera aliyoshika Jerusa, akatazama picha moja, miti myeupe na thamosi katikati ya nyasi, kisha akawaelekezea.

"Hapa ndio kwetu, madam. Hapo niliweka chai ni kaburi ya baba yangu." Akamtazama Jerusa. "Na huyo kijana mama amesema alipotea, ni mimi."

Jerusa alifunika mdomo kwa mkono. Mosoti alitazama viatu vyake. Chelimo peke yake aliinamia kamera, akaisogeza karibu na macho, bado akitafuta mabati ya buluu.