Shimo ya Tata Mbuyi

Nakumbuka ile asubui, mwana yangu, maharagi yetu yote ilikuwa manjano, imelala chini. Njo mi niliiua.

Kazi ya mugodi ilikuwa imekufa. Baba alitundika kofia yake ya kazi ku musumari. Angere, ile mbolea ya dukani, hakuna. Ile shamba kidogo nyuma ya nyumba njo ilibakia chakula yetu.

Jirani yetu Tata Mbuyi alikuwa na shimo ya mbolea. Alinipa ndoo ya mavi ya mbuzi: "Changanya na majani na majivu, funika. Miezi tatu, usitie ku shamba."

"Tata, tumbo haijue kuhesabu miezi!" Mudomo yangu, mafuta ya moto. Nikaimwanga mbichi ku mizizi. Ikaunguza yote.

Na njo ile asubui bantu bakakuya kumufukuza Tata Mbuyi. Alizaliwa hapa hapa Kolwezi, lakini bakasema: rudia kwenu Kasai, jimbo ya babu yako. Nikakamata jembe, nikasimama ku mulango yake. Wa kwanza kuingia, ninamupasua kichwa!

Tata Mbuyi akanishika mukono. "We, angalia maharagi yako. Mavi mabichi iko na nguvu, lakini inaunguza kile unapenda. Hasira yako njo vile. Mi ninaenda, mama yako anabakia hapa na bale bantu." Kisha akacheka kidogo: "Shimo yangu imeisha kuiva. Kamata."

Nikabeba godoro yake ku kichwa mupaka ku gare ya treni. Banatutukana njia yote, na mi, kimya.

Kufungua shimo: udongo mweusi, baridi, harufu ya mvua ya kwanza. Nikapanda tena. Treni ilikawia, miezi na miezi, bantu banalala ku gare na masufuria yabo. Maharagi ikaiva mbele ya treni kufika. Sahani ya kwanza nilimupelekea Tata Mbuyi. Akakula polepole, macho imefungwa.

"Na hasira, uliifunika?"

"Niliifunika, Tata."

Mupaka leo ninaota ile treni yenye ilimubeba inapita polepole katikati ya maharagi yenye maua, yeye ku dirisha.

Basi, mwana yangu, polepole njo mwendo. Mbolea, iache ioze, ipoe, njo utie ku shamba. Hasira pia. Lakini jirani yako, musindikize mupaka mwisho. Mungu anyeshee shamba yako, na hata siku moja usikule sahani ya kwanza peke yako.