Nilijifanya Naandika Habari ya Mama Yake Bi Somoe

Kosa ni langu, na sitaki mtu anihurumie. Ndugu mhariri, jina langu usiliweke. Nikiliona gazetini chini ya habari hii nitatapika.

Nilikuwa katibu wa kikundi cha waandishi hapa Temeke. Tulikutana Jumamosi alasiri kwenye chumba cha kisomo cha watu wazima. Desturi yetu ilikuwa moja: mwenye habari ya kusema anakaribishwa, hata kama hajui kuandika. Yeye anasema, katibu anaandika, kisha anamsomea mbele ya wote. Karatasi anaondoka nayo.

Mie mwenyewe niliingia kwa mlango huohuo. Shule niliachia darasa la nne, mengine nimejifundisha kwa magazeti ya kufungia maandazi. Siku ya kwanza niliganda mlangoni, na Mzee Nandonde, mchonga vinyago, akanisogezea benchi. "Keti, kijana. Hapa hakuna mtihani."

Nilisahau upesi. Nilipopewa ukatibu nikaanza kuwaonea haya wenzangu. Nilitaka kila kitu chetu kiwe safi, kisiwe na doa, wasomi wa mjini wasije wakatucheka. Nilikuwa na shairi langu la kusomwa Saba Saba, linahusu undugu, na ubeti wa mwisho ulikuwa umenikatalia wiki nzima.

Jumamosi hiyo akaja Bi Somoe, muuza vitumbua wa Tandika. Alitaka iandikwe habari ya mama yake, aliyechukuliwa na mafuriko kule Rufiji. Wanawe walikuwa wadogo, picha ya bibi yao hakuna, naye alitaka waje wasome alikuwa mtu gani.

Akaanza na kuku. Kuku wa mama yake walikuwa wangapi, yupi mkorofi, yupi analala ndani. Akarudi nyuma, akakohoa, akaanza tena na kuku. Nikajiambia, huyu hafiki popote. Nikainama, kalamu ikaanza kutembea. Aliponiona naandika, akatulia, akaendelea.

Nilikuwa natengeneza ubeti wangu.

Alisema kwa muda mrefu. Kuna mahali alilia, sauti ikashuka. Sikuinua kichwa. Nilikuwa nimebakiza kina kimoja.

"Haya, ndugu katibu," akasema. "Nisomee."

Nikasimama na karatasi yenye shairi langu, nikasoma maneno yasiyokuwemo: mafuriko ni adui wa maendeleo, wananchi wa Rufiji wakashikamana, wakajenga upya kwa moyo mmoja. Yalitiririka vizuri. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote. Nilipokuwa namdanganya Bi Somoe, nilijiona fundi.

Bi Somoe alingoja nimalize. "Mbona mama yangu hayumo?"

Nikasema nimefupisha.

"Na kuku wake?"

Mzee Nandonde akanyoosha mkono, akaichukua karatasi. Akausoma kwa sauti ubeti mzima wa undugu. "Shairi zuri," akasema. "Mama wa watu umemtupa wapi?"

Bi Somoe alijifunga khanga yake, akatoka. Jumamosi iliyofuata walikuja watu watatu. Iliyofuata nilikaa peke yangu na mabenchi. Pasafi, hapana doa.

Wiki ya tatu nikanunua daftari, nikaenda kwake Tandika. Niliwakuta uani, kikundi kizima, wameketi kwenye mikeka. Nikamwamkia Bi Somoe, akaitika marahaba bila kuniangalia, akanionyesha pa kukaa. Mzee Nandonde alikuwa na kalamu, na kila mmoja anataja alichokumbuka kusikia siku ile. Mama alivyokataa kushuka kutoka kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, mpaka wajukuu wapande mtumbwi kwanza. Alivyoteremsha tenga la kuku, akamkabidhi mwanawe.

"Hapo ndipo ulipolia," Mzee akamwambia Bi Somoe. "Sauti haikutufikia. Mama alisema nini?"

Bi Somoe alikunja ncha ya khanga, akaikunjua. "Yale nilijikaza mwezi mzima ili niyaseme mara moja. Siwezi tena."

Wote wakanigeukia. Siku ile mie ndiye niliyekuwa nimeketi ubavuni kwake, hatua moja.

"Katibu," akasema Mzee, taratibu kabisa, "wewe ulisikia nini?"

Sikuwa nimesikia kitu. Nilikiri hivyo, na ulimi ulikuwa kama umepakwa samli iliyoharibika.

Waliacha mistari mitatu mitupu, wakaendelea. Mpaka leo naenda kila Jumamosi, na kitumbua napewa kama wengine. Kalamu sipewi, na siiombi. Mtoto mkubwa wa Bi Somoe sasa anajua kusoma. Anatusomea habari ya bibi yake, na akifika kwenye ile mistari mitupu humtazama mama yake, kisha huiruka.

Ninyi mliopewa kalamu za vikundi vyenu, nawaomba. Msije mkajionea kinyaa kama ninavyojionea. Mtu akija kwenu, mpisheni aketi, na akianza na kuku, andikeni kuku.