Mlango Usiojua Kungoja

Nyumba yetu iko Mtongwe, vyumba viwili na ukumbi, na cherehani yangu iko ukumbini ikitazama mlango wa mbele. Kazi yangu ni leso. Leso huuzwa jozi, vipande viwili vikiwa bado vimeshikana, na mwenye kuinunua huniletea nikate katikati na kupinda pindo. Kazi hiyo nimeianza mwaka aliofariki mama, nikaacha shule kidato cha pili, na sijaiacha mpaka leo. Baba alikuwa ametangulia zamani. Nyuma yangu wapo wawili: ndugu yangu wa kati, ambaye sasa anaendesha mashine ya kubebea mizigo huko Changamwe, na kitinda mimba wetu, msichana, ambaye wakati ule alikuwa darasa la kwanza na meno ya mbele hana.

Siku watu walipotawanyika baada ya hitima, nilimwambia yule mdogo kwamba atasoma mpaka walimu waishiwe na la kumwambia. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sikujua walimu wana mengi kiasi hicho.

Alisoma shule ya msingi, akasoma sekondari, akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme. Mwaka wa mwisho wakaambiwa kila mmoja atengeneze kitu kwa mkono wake, akilete mbele ya watahini, na kiwe kinafanya kazi siku hiyo. Kisipofanya kazi, mwaka unarudiwa. Naye hakuwa na mwaka wa kurudia. Karakana moja ya Port Reitz ilikuwa imemwambia nafasi yake watamwekea mpaka matokeo yatoke, na baada ya hapo wataita mwingine.

Mdogo wangu akachagua kutengeneza mlango.

"Mlango unaomjua mwenyewe, dada," aliniambia. "Ukikaribia na simu yako, simu inashikana na mlango kwa bluetooth, komeo linajifungua. Ukienda zako, linajifunga."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo utaacha kuushika kwa meno."

Hapo nilijua ananisema mimi. Nikirudi na mabunda ya leso mikononi, ufunguo huwa nimeuning'iniza mdomoni kama mbuzi aliyeiba kitambaa.

Akakifunga kile kitu kwenye mlango wetu wa mbele ili akijaribu. Kulikuwa na kompyuta ndogo juu ya kibao sawa na kiberiti, yeye na wenzake wakiiita bodi. Kulikuwa na mota ndogo ya kusukuma komeo. Na kulikuwa na kipande cha bluetooth chenye taa nyekundu na miguu sita ya chuma. Alinionyesha mguu mmoja. Kazi ya mguu ule, alisema, ni kuiambia bodi neno moja tu: simu imeshikana, au haijashikana. Programu aliyoiandika inauliza mguu, mguu unajibu, komeo linafuata.

Akawasha. Simu yangu ilikuwa imezimwa kabisa, iko mezani chini ya mkasi.

Tak, komeo likafunguka. Tak, likajifunga. Tak. Tak. Nilidhani linasalimu.

"Ndivyo linavyotakiwa?" niliuliza.

"Sivyo, dada."

Likaendelea hivyo mchana kutwa na kesho yake. Mdogo wangu alichuchumaa kando ya mlango na kompyuta ya kuazima ya chuoni, akifuta na kuandika, nami nikashona kwa mapigo ya komeo hata pindo zangu zikaanza kwenda upande.

Sasa lazima nimtaje jirani yetu. Tunamwita shangazi, ingawa damu hatuna. Alitupikia uji mwaka ule wa mama, na kwa sababu hiyo ana haki zote katika nyumba yetu, ila moja ameichukua bila kupewa. Hodi yake huipiga akiwa ndani. Utamsikia anasema "hodi" na mkono wake tayari umefunua sufuria.

Siku ya tatu ya ule mlango alikuja kufuata leso zake. Akasukuma mlango sawasawa na pale komeo lilipofunguka, akaingia kama kawaida yake, na mlango wetu, ambao fremu yake imeinama, ukarudi wenyewe nyuma yake. Tak. Ncha ya leso aliyojitanda ikabaki nje.

"Hodi," alisema, akapiga hatua ya pili. Leso haikumfuata.

Akasimama. Hakugeuka.

"Mwanangu," akaniambia, "kuna mtu amenishika."

"Ni mlango, shangazi."

"Unataka nini?"

"Hautaki kitu. Umeharibika. Vuta pole pole."

"Sivuti. Hii ni ya jozi."

Mdogo wangu alikuwa ameinamisha uso kwenye kompyuta na mabega yanamtetemeka. Nilimkanya kwa jicho. Ndipo komeo likapiga tak, mlango ukaachia, na shangazi, aliyekuwa ameegemea mbele kwa hadhari, akaja kutua juu ya leso zilizokuwa zinangoja kukatwa.

Akajiweka sawa pale pale juu yake. "Wallahi, hata marehemu mume wangu hakuwahi kunishika na kuniachia kwa haraka namna hiyo."

Tukacheka wote watatu. Kisha mdogo wangu akaacha kucheka, akatazama chini. Tangu udogo wake, likimzidi jambo, hutazama vidole vya miguu. Shangazi akaingia jikoni kujitafutia chai. Nikaiacha cherehani, nikakaa naye chini.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyesoma," nikamwambia.

"Karatasi iliyokuja na hiki kipande inasema mguu huu unanyamaza mpaka simu ishikane. Ikishikana, unasema ndiyo. Lakini wetu unasema ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, na simu hakuna."

Mimi nilikuwa nimekaa siku tatu nikiitazama ile taa nyekundu, maana iko mbele ya cherehani. Bila simu, taa inapepesa. Jana alipoishikanisha simu yake kwa kujaribu, taa ilitulia ikawaka moja kwa moja. Na komeo sikuwahi kuliona likifunguka taa ikiwa imezimika.

"Mguu unafuata taa," nikasema. "Taa ikiwaka, unasema ndiyo. Inapopepesa bado inatafuta mtu. Ikitulia imepata."

"Karatasi haisemi hivyo."

"Karatasi haikai Mtongwe."

Akaitazama taa kwa muda mrefu. Akaweka kidole kwenye mguu, akasoma namba kwenye kompyuta yake, akaitazama taa tena. Akaikunja karatasi akaikalia.

"Sasa programu yako inauliza mara ngapi?" nikamwuliza.

"Mara moja, kisha inaamini."

"Mara moja? Mama alitufundisha hodi ngapi?"

"Hodi ni tatu," akajibu, kama alivyokuwa akijibu alipokuwa hana meno. Kisha akaanza kuandika kabla sijasimama.

Wazo lilikuwa jepesi. Mlango uulize mara tatu. Taa inayopepesa haiwezi kukutwa inawaka mara zote tatu. Ukipata ndiyo tatu, fungua. Ukipata hapana hata moja, funga. Akamaliza, akawasha, tukangoja kwa furaha.

Tak. Tak. Tak.

Akataka kulia. Nikamwuliza, "Hizo hodi tatu zako zinachukua muda gani?"

"Hazichukui muda. Hii ni kompyuta, dada. Zote tatu zimekwisha kabla hujakonyeza jicho."

"Basi hiyo ni hodi ya shangazi."

"Nimekusikia," sauti ikatoka jikoni.

Ilibidi nimkumbushe sehemu ya pili ya mafunzo ya mama, ambayo yeye alikuwa mdogo mno kuikamata. Hodi ni tatu, lakini kati ya hodi na hodi umwachie aliye ndani muda wa kujifunga leso. Hodi tatu za pumzi moja ni hodi moja ndefu. Ile programu ilikuwa inapiga hodi hodi hodi na kusukuma mlango, na zote tatu zinaangukia katika kule kuwaka kumoja kwa taa.

Akaweka kituo kati ya swali na swali. Mle ndani ya programu, kila kipande cha kazi hupewa jina na mwandishi. Kile cha kuuliza akakiita hodi, na kile kituo akakiita kufunga leso. Nilimwambia wakubwa wa chuo watamcheka. Akasema jina likieleweka linatosha.

Komeo likanyamaza. Tukala chakula cha mchana kwa utulivu wa watu waliotoka hospitali salama. Tulipokuwa tunakosha vyombo, tak.

Safari hii aliligundua mwenyewe. Vituo vyake vilikuwa sawasawa, sekunde kwa sekunde, na taa nayo ilikuwa inapepesa kwa mwendo huo huo. Wakikutana mwanzo tu, wanacheza chakacha pamoja mpaka mwisho: taa inawaka kila inapoulizwa na kuzima ikishapewa kisogo.

"Hakuna wanawake wawili wanaofunga leso kwa muda mmoja," nikasema. "Mama alikuwa mwepesi. Mwingine mpaka aipate kwanza iko wapi, aikung'ute, akumbuke amesimama kwa nini."

"Nimekusikia tena," sauti ikasema jikoni.

Mdogo wangu akafanya vituo visilingane: cha kwanza kifupi, cha pili kirefu zaidi. Tukauacha mlango ukiwa umewashwa siku nne, simu zote mbali. Haukupiga tak hata moja. Nikatoka nikarudi na simu mfukoni na mabunda mikononi. Komeo likasita, kama mtu anayefikiri, kisha tak, likafunguka. Nilisimama kizingitini nikatabasamu peke yangu kama mwehu.

Siku ya mtihani nilifunga kazi. Seremala wa mtaani alikuwa ametutengenezea fremu ndogo kutokana na mlango wa kabati bovu, tukaibeba kwa zamu. Shangazi akasema lazima aje, kwa kuwa yeye ndiye aliyeumwa na ule mlango kabla ya mtu yeyote. Tukawekwa kwenye benchi nje ya chumba. Dirisha lilikuwa wazi.

Nilisikia simu inawashwa. Nikahesabu moyoni: hodi, leso, hodi, leso, hodi. Tak. Moja tu. Nikashukuru. Simu ikapelekwa mbali nje, ikapita mbele yetu mkononi mwa mwalimu kijana. Tak. Moja tu.

Kisha sauti ya mwanamume ikauliza, "Kwa nini unauliza mara tatu? Karatasi ya kiwanda inasema mara moja yatosha. Ama huiamini?"

Kalamu ikagonga meza.

"Tunakungoja. Mtu anaweza kuletewa programu na rafiki. Tunataka kujua kama unaielewa."

Bila kuchungulia nilijua anatazama vidole vya miguu. Miaka yote ile ilikuwa imesimama mle ndani, na neno moja halitoki. Nilishika ukingo wa benchi. Nilijua jibu zima, na sikuwa na ruhusa ya kufungua mdomo.

Shangazi hakuwa na ugonjwa wa ruhusa. "Mtoto anaonewa," akasema, akainuka, na kabla sijashika dera lake alikwisha fika mezani kwa watahini.

"Hodi," akasema.

"Mama," ikajibu ile sauti ya mwanamume, "huku kuna mtihani."

"Nimepiga hodi."

"Umepiga ukiwa ndani."

Ndipo nikamsikia mdogo wangu anacheka, kicheko kidogo cha puani, na kicheko kikamfungua ulimi kama komeo.

"Mwalimu," akasema, "hiyo ndiyo programu yangu ya kwanza."

Akaanza kueleza, na hakukomea njiani. Akaeleza taa inayotafuta na taa iliyopata, na karatasi isiyokaa Mtongwe, na hodi tatu za pumzi moja, na chakacha. Shangazi alikuwa bado amesimama pale kama mfano ubaoni. Mtahini mwingine, mama mtu mzima mwenye lafudhi ya pwani, akauliza kwa upole, "Na hiki kituo cha pili, mbona ni kirefu hivi?"

"Hicho ni cha mtu anayeitafuta leso kwanza."

Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Akaulizwa mdogo wangu nani aliyemfundisha. Akasema, dada yangu. Akaulizwa dada amesomea wapi. Akasema, cherehanini. Mimi pale nje nilijifanya natafuta kitu mkobani.

Alipita. Sasa anaenda Port Reitz kila asubuhi na buti za kazi, na akiitwa huitika "abee" kwa sauti inayofika mwisho wa karakana, ndivyo alivyoniambia.

Kile kitu tumekirudisha mlangoni kwetu. Shangazi ndiye aliyebadilika kuliko sote. Hufika nje, akasimama mbali kidogo na leso yake ameikusanya mbele, akapiga hodi moja, akangoja. Akapiga ya pili, akangoja zaidi. Akapiga ya tatu. Anaamini mlango unamhesabia. Nami napata muda wa kujifunga leso vizuri, nikaenda nikamfungulia, nikasema karibu.

Muda wote huo komeo linakuwa limefunguka, kwa kuwa simu yangu iko mezani chini ya mkasi, imewashwa. Hatujamwambia.