Sababu ya Kuacha: Umbali

Vesa Luomala alivunjwa pua mara nne kabla hajatimiza miaka ishirini, na mara zote nne alimpa mkono aliyemvunja. Kijijini kwetu Hautaluoma mieleka si mchezo. Mchezo ni ule wa mpira, nao ni wa watu wa mjini. Vesa alipigana uzani wa kilo sitini na nane. Yaani, alikuwa na kilo sitini na nane kwa nusu saa, asubuhi ya Jumamosi ya mashindano, mbele ya mwamuzi mwenye mizani. Siku nyingine zote alikuwa na sabini na nne. Zile sita aliziacha ndani ya sauna, chumba cha mvuke wa moto, amevaa suti ya plastiki, akitema mate kwenye kopo mpaka mate yenyewe yakagoma. Akishapimwa alikula soseji nne, akaenda kumvunja mtu mbavu. Mwenzake mmoja figo zilimsaliti akiwa bado kwenye foleni ya mizani. Klabu ilipeleka maua mazuri sana.

Kwa njia hiyo alipata medali ya shaba, masikio yaliyojikunja kama uyoga, na imani kwamba mwili ni punda: hausikii neno, unasikia fimbo.

Nilipomfahamu alikuwa na miaka arobaini na miwili, akifanya kazi machinjioni, upande wa kutoa mifupa. Mimi ninaendesha gari la maktaba. Kila Alhamisi ya pili nasimama uani kwao, kwa sababu Merja, mkewe, ndiye msomaji pekee katika njia yangu nzima anayerudisha vitabu bila alama za kahawa. Vesa mwenyewe hakuwahi kuazima kitu. Alikuja garini kupasha miguu moto tu, na kuzungumza.

Habari aliyopenda kuizungumza ilikuwa ya mguu wa mama yake. Kisukari kilimla mama yule kwa mpangilio: vidole viwili, kisha unyayo, kisha mguu wote mpaka juu ya goti. Vesa alimbeba chooni kwa miaka miwili, hadi alipofariki. Mtu aliyekata miguu ya nguruwe mia nne kwa siku, huo mmoja ulimshinda.

Kwa hiyo barua ya shule ilipofika kusema kwamba Helka, binti yake wa pekee, miaka kumi na mmoja, ana kilo sitini na tatu na sukari yake imeanza kupanda, Vesa aliisoma amesimama.

"Mguu wa mwanangu haukatwi," alisema.

"Nani ametaja mguu?" Merja akamuuliza. "Wametaja mboga."

Barua iliwaita kwenye mpango wa familia, kila Alhamisi saa tisa, kliniki ya mjini. Familia kumi na mbili. Muuguzi aliitwa Kaisu, mwanamke mpole mwenye soksi za sufu, aliyewaambia siku ya kwanza, "Hapa hatushindani, jamani. Hapa tunajifunza pamoja." Kisha akawapanga watoto foleni, wakavua viatu, wakapanda mizani mmoja mmoja, naye akaandika namba kwenye orodha.

Vesa aliitazama ile foleni, ile mizani na ile orodha. Alikuwa amesikia maneno ya Kaisu, lakini macho yake yalimwambia jambo jingine, na macho yake yalikuwa na medali.

Siku za sauna kwetu ni Jumatano na Jumamosi. Jumatano ile Vesa alitoa suti ya plastiki darini, akaikata miguu ipate kumtosha binti. Alhamisi Helka alikuwa amepungua kilo moja na nusu. Kaisu akapiga makofi, akambandikia nyota kifuani. Wakirudi, Vesa alisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, akamnunulia soseji mbili na mkate mtamu wa iliki. Hakuona kosa lolote. Baada ya mizani mwanamieleka hula.

Msomaji mwenye hesabu ndogo tu ataona yanakoelekea. Kilo iliyotoka Jumatano ilirudi Ijumaa na mwenziwe, na Jumatano iliyofuata ilibidi zitolewe zote mbili. Mchoro wa Kaisu uliteremka vizuri kama ngazi. Helka alianza kuota kwamba anakunywa maji ya mfereji wa barabarani.

"Kinywa kimekauka, baba."

"Kikikauka ndiyo vizuri. Tema."

"Hakuna cha kutema."

"Fikiria limau."

Merja alilalamika. Vesa akamjibu kwamba muuguzi mwenyewe anafurahi, ona nyota. Ilikuwa hoja ngumu kuijibu. Nyota zilikuwa tano.

Machinjioni nako habari ilifika. Esko, anayepasua vichwa, alisema wakati wa kahawa, "Vesa, ukimleta huyo binti yako hapa tutalipwa saa za ziada." Watu wakacheka. Vesa akaweka kikombe chini polepole, akamshika Esko kiunoni, akamwinua, akamtundika kwa ukosi wa koti kwenye ndoano, baina ya nusu mbili za nguruwe. Mnyororo unaobeba nyama ulikuwa unatembea. Esko alisafiri mita ishirini akiomba radhi, na radhi yake ya mwisho aliitoa mbele ya mkaguzi wa nyama, ambaye alikuwa tayari ameinua muhuri.

Jumatano ya sita, mwezi wa tatu, theluji bado uani, Helka hakuwa amekunywa kitu tangu jana yake mchana. Merja alikuwa hajarudi kutoka kazi yake ya kugawa barua. Mizani ya chumba cha kubadilishia nguo ilisema zimebaki gramu mia tano.

Vesa akamwaga kata ya maji juu ya mawe ya jiko. Mvuke ukapiga dari, ukawashukia mabegani.

"Baba, basi. Nataka kutoka."

"Nusu kilo tu. Kaa."

"Naona weusi."

"Nami niliona weusi. Nikapata shaba." Akaenda akasimama mlangoni, mgongo kwenye mbao, mikono kwenye miimo yote miwili. Akamwaga kata nyingine kwa kuirusha tokea pale pale.

Helka alishuka kwenye benchi. Aliinamisha kichwa, akamwendea baba yake kwa kilo zake zote, zile za Ijumaa na zile za Alhamisi, akampiga kwa bega chini ya mbavu. Vesa alicheka kwa sekunde moja, kwa furaha ya kweli, maana bega lilikuwa mahali pake hasa. Kisha unyayo wake uliteleza kwenye ubao uliolowa. Binti akamzungusha, wakaenda chini pamoja, na mkono wa kulia wa Vesa ukaangukia jiko. Ngozi ilishika kwenye mawe kama yai kwenye kikaango kikavu. Alipiga yowe ambalo jirani, nusu kilomita mbali, alidhani ni la msumeno.

Helka alikuwa juu yake, mabega ya baba yote mawili yako sakafuni. Kwa sheria za mieleka pambano lilikuwa limekwisha. Na hapo hapo akazimia.

Vesa akabaki chini ya mtoto, mkono mmoja umebanwa baina ya mwili na chuma cha moto. Alimwita jina. Kichwa cha Helka kilimgonga kidevuni, kizito, bila jibu. Alijaribu kumbeba kwa mkono mmoja kama alivyombeba mama yake, akashindwa. Basi akafanya alichoweza: aliusukuma mkono wake uliokuwa unaungua ndani zaidi, kati ya jiko na mguu wa binti, ili mguu usiguse.

Hivyo ndivyo Merja alivyowakuta. Alimvuta mtoto kwa makwapa mpaka kwenye theluji, akamwagia maji mdomoni, akarudi ndani, akaokota ndoo ya mti na kumpiga nayo mumewe kichwani. Ndoo ilivunjika pigo la pili. Akaendelea na mpini.

Hospitali waliambiwa ni tumbo la kuendesha. Helka aliwekewa maji ya mshipa siku mbili. Mkono wake Vesa aliufunga mwenyewe.

Wiki iliyofuata hawakwenda mjini. Kaisu akapiga simu.

"Vesa ndugu yangu, mbona mmetupotea, na mchoro ulikuwa unapendeza? Nina fomu hapa lazima niijaze. Sababu ya kuacha?"

Vesa alimtazama Merja. Merja alitazama ukuta. Wote wawili walijua sheria: muuguzi akisikia jambo kama lile, halali nalo. Analipeleka kwa watu wa ustawi wa jamii, wanaochukua watoto.

"Umbali," Vesa alisema.

"Kilomita ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Pole sana. Wengi wanasema hivyo."

Na kweli walisema. Familia saba ziliacha, na tano zilitaja umbali, ikiwamo moja iliyokaa ng'ambo ya barabara ya kliniki. Halmashauri ilisoma takwimu, ikaguswa, ikatoa basi dogo.

Lilifika Alhamisi ya mwezi wa tano, nikiwa pale uani na gari langu. Kaisu mwenyewe alishuka, anameremeta.

"Haya, Vesa bwana! Umbali tumeumaliza!"

Vesa alikwenda akasimama kwenye mlango wa basi, mikono huku na huku. Shati lilikuwa limekunjwa, na ule mkono ulionekana wote, mwekundu, umekunjamana tangu kiwiko hadi kifundo cha mkono. Kaisu akautazama. Tabasamu likamshuka kidogo kidogo.

Helka alitoka nyumbani na begi. Merja alimfuata nyuma, ameshika funguo.

"Baba, toka mlangoni."

"Watakuuliza."

"Najua."

"Utawaambia nini?"

"Kila kitu. Na kopo la mate pia."

"Watakuja kukuchukua, mwanangu."

"Na nisipoenda, utanibeba chooni?"

Nilidhani atampiga. Nadhani Vesa mwenyewe alidhani hivyo, kwa sababu misuli ya shingo yake ilisimama. Kisha mikono ikashuka, mzima kwanza, wa kovu baadaye. Akasogea hatua moja, akampa mkono. Helka aliutazama ule mkono, akaukamata barabara, kama inavyotakiwa baada ya pambano, akapanda. Merja akapanda nyuma yake. Kaisu alifungua faili, akatoa fomu, akaivua kalamu kifuniko.

Basi lilipopita makutano, Vesa aliingia bandani, akatoka na shoka, akaenda kuukata mlango wa sauna. Ulikuwa mlango mzuri wa msonobari, aliutengeneza mwenyewe, na bawaba zake zilitoka kwa bisibisi tu. Lakini hakuitafuta bisibisi.