Dawa Kando ya Mtungi

Mwaka tulioambiwa tuhamie vijiji vipya, mama alikubali kuacha kila kitu isipokuwa mtungi wake. Nyumba aliiacha, mikorosho aliiacha, makaburi ya wazee wake aliyaaga kwa kulia kidogo tu, lakini mtungi wa maji alisema hauachi, na kama hauendi basi na yeye haendi. Ulikuwa mtungi mkubwa, unaingia ndoo nne, aliufinyanga bibi yetu kulekule Nandagala. Mtu mmoja hauwezi. Basi mimi na kaka yangu tukakata mianzi, tukafunga machela kama ya kubebea mgonjwa, tukaulaza mtungi juu yake na kuufunika kanga ili jua lisiupasue, tukashika njia ya Narung'ombe.

Watu tuliokutana nao njiani walisimama pembeni, wakavua kofia, wakauliza kwa sauti ya chini mgonjwa ni nani. Kaka yangu siku hizo alikuwa mtu wa mzaha sana. Anawajibu uso umekauka kabisa: "Mama mkwe wangu. Tumbo limejaa maji." Wanampa pole, wanasema Mungu atamsaidia. Mzee mmoja akataka amshike mkono mgonjwa, amwombee. Hapo ndipo tulipoishusha machela chini, maana tulishindwa kuibeba kwa kicheko. Mama alikuwa nyuma na kuku wake, akatukaripia, akasema ugonjwa si kitu cha kuchezea.

Mtungi ulifika mzima. Mama akachimba kishimo kwenye pembe ya nyumba mpya, akamwaga mchanga, akauketisha. Mtungi wa udongo hutoa jasho, kila mtu anajua, kwa hiyo ule mchanga chini yake haukauki mwaka mzima. Novemba, bati za wenye bati zinalia kwa jua na mbwa wamejilaza mdomo wazi, wewe ingiza mkono pale pembeni, unasikia baridi kama ya alfajiri. Mama alikuwa anaweka mayai pale. Mimi nilipokuwa kijana niliwahi kuficha chupa ya uraka, ile pombe ya mabibo, na mama akaikuta, lakini hiyo ni habari nyingine na alinipiga.

Mama akafa. Nyumba ikabaki kwa kaka, mimi nikapewa chumba cha nyuma, kwa sababu mke wangu naye alikwisha kutangulia na sikuwa na haja ya nyumba yangu peke yangu. Tuliishi vizuri. Kaka alikuwa ameacha mzaha, ameshika dini, anasoma msahafu vizuri, watu wanamheshimu. Mimi nilisoma darasa la pili, la tatu nililiona dirishani. Nikawa mlinzi wa ghala la korosho.

Sasa nitasema jambo ambalo watu hawalisemi, na kama unakula weka chakula pembeni kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilianza kwenda choo cha damu. Damu na makamasi. Mara nyingi kwa siku, na kila mara mbio, kwa sababu ikikubana haisubiri. Zahanati walisema amiba, wakanipa dawa ya amiba, nikameza. Ikarudi. Wakasema kichocho, nikameza ya kichocho. Mganga wa miti alinipa mizizi nikanywa mpaka meno yakawa meusi. Pale ghalani wapagazi walinipa cheo, wananiita Bwana Afya, eti kwa sababu sibanduki chooni. Nilicheka nao. Ningefanya nini? Lakini suruali ilikuwa inanivuka kiunoni kwa kukonda, na kila nikichuchumaa naogopa kutazama chini.

Ndipo nikapanda lori la ufuta hadi Nachingwea, na kutoka pale nikaenda hospitali upande wa Mnero. Kulikuwa na daktari mgeni, alinilaza ubavu akanipima kwa bomba huku nyuma. Sitaeleza zaidi. Akasema huyu si mdudu. Ni utumbo wenyewe, sehemu ya mwisho kabisa karibu na kutokea, umevimba na una vidonda. Akasema ni ugonjwa wa kukaa nao, haupoi ukaisha, unatulizwa. Akaniandikia vidonge vya kumeza, na vingine vya kuingiza nyuma.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamtazama nesi. Alikuwa mama mtu mzima, Mmakonde, Mkristo, ana ndonya ya zamani kwenye mdomo, na macho yake hayakuwa na aibu hata kidogo.

"Nyuma, baba," akasema. "Ndiko kidonda kiliko. Ukiungua mguu utapaka dawa sikioni?"

Akanifundisha kama mtu anavyomfundisha mwenziwe kupanda mihogo. Kwanza uende choo, utoe kilichomo. Unawe mikono kwa sabuni. Umenye lile karatasi lake lote, maana alikuwepo aliyeingiza na karatasi. Ulichovye kidonge kwenye maji kidogo kiteleze, si mafuta ya taa wala dawa ya mtu mwingine. Ulale ubavu wa kushoto, goti la juu ulikunje, ukisukume taratibu kichwa kikitangulia hadi kidole kipotee nusu, halafu utulie palepale. Kikae ndani muda mrefu unavyoweza, ndiyo sababu ni dawa ya wakati wa kulala. Unawe tena. Kila siku kimoja, kisimezwe, kisikatwe, asipewe mtu mwingine hata akilia. Damu ikizidi au homa ikiwaka, njoo. Na usiache mwenyewe kwa kujiona umepona.

Akanifanya nirudie yote. Nilirudia nikitazama ukuta.

"Kwako kuna mahali pa baridi? Hivi vikipata joto vinayeyuka. Kikishayeyuka usikitumie, niletee mimi."

Nikamwambia habari za mtungi wa mama. Akafurahi sana. Akasema viweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko, kopo ulizike kwenye mchanga ule, maji yasiingie. Basi kopo la maziwa ya unga likakaa pale yalipokuwa yanakaa mayai, na dawa ikanisaidia kweli. Mwezi wa pili damu ilikata. Nikaanza kula, nikaanza kulala. Kaka akaniambia naona umenawiri mdogo wangu, dawa gani? Nikamwambia dawa ya tumbo. Sikuongeza.

Kosa langu lilianzia kwenye kazi. Mlinzi halali usiku. Msimu wa korosho ghala limejaa hadi juu, karani anapita wakati wowote, akikukuta umelala ubavu kazi huna. Kwa hiyo wakati wangu wa kulala ulikuwa asubuhi, jua limetoka, na dawa yangu naiweka asubuhi. Hilo halikuwa na tatizo mpaka ulipokuja mwezi wa Ramadhani, maana miaka ile uliangukia ndani ya msimu.

Sisi tangu wadogo tumefundishwa kwamba kinachoingia ndani ya mwili kwa njia ya mbele au ya nyuma kinafunguza saumu. Sikuhitaji kuuliza. Na hata kama ningehitaji, ningemuuliza nani? Nimwendee shehe nimwambie nini naingiza na wapi? Nikaamua mwenyewe, nikasema mwezi ni siku thelathini tu, na sina damu tangu zamani. Nikalifunika kopo, nikafunga kama wenzangu, na vile vya kumeza navyo nikavisahau kwa sababu daku yangu nilikula ghalani mbiombio.

Siku kumi hazikuwa na neno. Ya kumi na tatu niliona uzi mwekundu. Ya ishirini nilikuwa natoka damu tupu, nakwenda na kurudi, na nilikuwa bado nafunga. Ndiyo. Nilikuwa mjinga kiasi hicho. Nilimficha hata shemeji, mke wa kaka, anayenipikia. Kaka alinikuta nimeanguka njia ya chooni, akaita vijana wawili wa jirani wakafunga machela. Yeye alishika mbele, upande wa kichwa changu, hadi barabarani kwenye gari. Nilimsikia mtu akiuliza mgonjwa nani, na kaka akajibu, "Mdogo wangu." Sauti yake haikuwa na mzaha wowote.

Hospitali walinitia maji, wakanitia damu. Nesi yule alinijia nilipoweza kufumbua macho. Nilidhani atanifokea. Akakaa kitandani, akauliza nani alinikataza dawa.

"Hakuna aliyenikataza."

"Ungekuja kuuliza, baba. Ungeniuliza mimi, au umuulize shehe wako. Hapa wanakuja wengi wa dini yako, na wote wanajua mgonjwa hafungi. Wewe peke yako ndiye ulijua zaidi."

Daktari naye akasema wazi. Safari hii utumbo umeponea chupuchupu. Ukianza tena hivi, tutalazimika kuukata, na choo utakuwa unatolea tumboni kwenye mfuko, hiyo ni kama utawahi kufika hapa. Akasema usifunge tena. Akanipa dawa za miezi mitatu, nesi akazihesabu mbele yangu na kuzifunga kwa kitambaa chenye maji kwa ajili ya safari.

Nilipotoka nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilikwenda kwa shehe mmoja pale Nachingwea mjini, mtu asiyenijua, nikamweleza yote nikiwa nimeinama. Hakushtuka. Akasema wewe ni mgonjwa wa kudumu, saumu imekuondokea, kwa kila siku ya mfungo lisha maskini mmoja, na dawa yako tumia. Nikaibeba kauli hiyo nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Nikamweleza kaka, na safari hii nikamweleza dawa yenyewe ni ipi na inawekwa wapi.

Akasema shehe wa mjini haishi na watu wetu.

Habari ilitoka. Sijui ilitokaje, sikumuuliza mtu. Wapagazi waliacha kuniita Bwana Afya, wakaniita jina lingine ambalo sitalitaja. Barazani nikipita maongezi yanakatika. Kaka hakunisema neno baya hata moja mwaka mzima, hilo ni lazima niseme. Lakini aliacha kunywa maji ya mtungi. Alinunua ndoo yake ya plastiki, akaiweka upande wa pili wa nyumba, akanywa maji ya moto kama chai. Kopo lilikuwa na kifuniko, limekaa mchangani, haligusi mtungi. Nilimwonyesha. Akasema anajua.

Ikaja Ramadhani nyingine. Asubuhi ya kwanza ya mfungo nimetoka ghalani, nimekwenda choo, nimenawa mikono kwa sabuni, nimeingia kwenye pembe. Kopo hakuna. Mchanga una shimo la mviringo, limeanza kujaa maji.

Shemeji alikuwa anaosha vyombo vya daku. Nilipomuuliza hakuinua uso, alinyoosha kidole kuelekea jikoni. Juu ya uchaga, pale juu ya moto tunapokaushia mahindi ya mbegu, ndipo kopo lilipokuwa. Nililishika kwa kanga kwa jinsi lilivyokuwa la moto. Ndani vile vikaratasi vilikuwa vimelegea, ukikibonyeza kimoja kinakwenda huku na huku kama kifuko cha mafuta. Vyote. Miezi mitatu ya dawa niliyotoka kuifuata tena Mnero, ya kutoka ng'ambo, haipo dukani Ruangwa wala Nachingwea.

Kaka alikuwa kwenye mkeka na msahafu wake. Nikaliweka kopo mbele yake.

"Nimelisogeza tu," akasema. "Mwezi ukiisha ungelikuta."

"Vimeyeyuka, kaka."

"Virudishe mchangani vigande."

"Vikishayeyuka havitumiki. Wewe mwenyewe ulinibeba."

"Nilikubeba." Akafunga msahafu, akauweka juu ya mto. "Na nitakubeba tena. Lakini mwaka huu wamenichagua kusalisha tarawehe, mdogo wangu. Watu wananiuliza habari zako."

"Unawajibuje?"

Akautengeneza msahafu juu ya mto.

"Nawaambia unafunga kama wao," akasema. "Basi nisitiri. Siku thelathini tu."

Yaleyale niliyojiambia mimi mwaka uliopita. Nilimtazama nikaona ananipenda, hilo nililiona wazi, na nikaona kwamba nikikaa pale nitakufa, na atanizika vizuri, atalia kweli.

Nikaenda kwenye mtungi. Kata ya mama ilikuwa bado inaning'inia pale, ya kifuu, mpini umelainika. Nikachota. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, njia inaonekana, watu wanakwenda mashambani kuwahi kabla jua halijawa kali.

"Funga mlango kwanza," kaka akasema.

Nikanywa. Maji yalikuwa ya baridi. Nikanywa yote, nikaitundika kata mahali pake, nikaufunika mtungi. Nikachukua kopo kwenda kumwonyesha nesi, kama alivyosema, na shati langu la pili. Sikuaga kwa maneno mengi, nilisema tu nakwenda Mnero. Nikatoka kwa mlango wa mbele, nikashika barabara, na nyumba ile sijaiingia tena.