Tulipokosea Mahakama

Baba mdogo alipomshinda mama kwenye baraza la ardhi, mimi ndiye niliyeng'ang'ania tukate rufaa. Mama ni mjane, hajui kusoma. Kibanja chake cha Kamuli, wilayani Kyerwa, chenye migomba na mibuni, alikilima na marehemu baba tangu waoane, lakini baba mdogo alidai ni mali ya ukoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo karatasi zote zilikuja kwangu.

Niliandika rufaa mapema, nikaipeleka mahakama ya wilaya kwa sababu ilikuwa karibu. Tulihudhuria miezi mitano. Mwishowe hakimu akasema mahakama yake haina mamlaka ya kusikiliza rufaa ya ardhi ya namna ile. Tulitakiwa kwenda Mahakama Kuu, Bukoba. Akaiondoa rufaa yetu. Nje, karani alihesabu siku kwenye kalenda, akatikisa kichwa.

"Muda wa rufaa umeshapita, mwalimu. Sasa ombeni kwanza kuongezewa muda."

Sikuweza kumweleza mama mpaka tulipofika nyumbani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwani uliandika vibaya?" aliniuliza kwa Kinyambo.

"Niliandika vizuri, mama. Nilipeleka pasipo penyewe."

"Basi tupeleke penyewe."

Katika hati ya kiapo ya kuomba muda niliandika kwamba kosa ni langu, nikaeleza kila siku tuliyochelewa tulikuwa wapi. Kwa mwalimu, aibu ile haikuwa ndogo.

Bukoba, jaji alimuuliza baba mdogo kama anapinga maombi yetu. Nilishika benchi kwa mikono miwili. Baba mdogo alisimama.

"Mheshimiwa, kibanja nakitaka," alisema. "Lakini shemeji yangu hakuchelewa kwa uzembe. Kila tulipoitwa kule wilayani nilimkuta ameshafika. Sipingi."

Jaji akatupa siku kumi na nne. Tuliwasilisha rufaa siku ya tatu. Ilisikilizwa mwaka uliofuata, na kibanja kikabaki cha mama.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni siku ile ya maombi. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Tulirudi Kyerwa kwa basi moja, sisi watatu, na mama alikuwa amenunua pakiti ya senene wa kukaanga stendi. Aliifungua, akamnyooshea baba mdogo aliyekaa kiti cha mbele.

"Shemeji, chukua."

Baba mdogo aligeuka, akakinga kiganja.