Hewa Iliyobaki Kwenye Jaketi

Ni saa tatu asubuhi, na mwanamke huyu amefumbata mikono nyuma ya mgongo kama mwalimu wa zamu. Mbele yake, juu ya meza ndefu ya bati, vimepangwa vitu vya mtu aliyefariki: miwani ya maji, mapezi ya miguuni, mkanda wa vyuma vya uzito, kipumulio na mpira wake, na mtungi wa hewa wa manjano. Anaizunguka meza polepole bila kugusa kitu.

"Mkono una kiherehere," anasema. "Ukiuachia tu, utakuta umeshafungua hiki, umeshazungusha kile. Acha macho yamalize kazi yake kwanza."

Wenzake humwita Mama Pumzi. Kazi yake ni kuchunguza vifo vya wapiga mbizi: kutafuta kwa nini mtu aliyeshuka majini mzima wa afya ametolewa akiwa maiti. Chumba chake kiko nyuma ya kituo cha polisi, kimepakana ukuta na gereji. Kina dirisha lisilofunga vizuri, feni inayolalamika na harufu ya mpira isiyotoka hata kikipigwa deki mara ngapi.

"Watu wanasema amekufa maji, basi, mambo yamekwisha," anasema. "Mimi nauliza, hayo maji yalimkuta katika hali gani? Alikuwa anapumua nini? Nani alimvalisha?"

Zamani alikuwa akizama mwenyewe. Alikuwa askari wa kikosi cha uokoaji, kazi yake kutoa miili, mpaka siku moja sikio la kushoto lilipopasuka akiwa chini na daktari akampiga marufuku. Akahamishiwa mezani. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita, na tangu hapo vimepita mikononi mwake vifo zaidi ya sitini. Mpaka leo ukizungumza naye hukugeuzia upande wa kulia, na yeye mwenyewe huongea kwa sauti ya juu kama yuko sokoni.

Nyumbani mume wake, fundi cherehani, hamwachi hivi hivi. "Hata mtungi wa gesi ya kupikia lazima auhoji kwanza," anasema mzee huyo huku akicheka. "Sisi tunasubiri chai, yeye anauliza nani aliubeba!"

Mama Pumzi hucheka naye. Lakini ukimtajia ndugu wawili wa bandarini, kicheko humkauka.

Ndugu hao walikuwa wakikwangua matumbo ya meli kwa ajili ya kampuni moja ndogo. Kaka mtu ndiye aliyemfundisha mdogo wake kazi, na walikuwa hawashuki ila pamoja. Siku hiyo maji yalikuwa machafu, hata kiganja chako hukioni vizuri. Mdogo mtu akawa anasikia chuma cha kaka yake kikikwaruza upande wa pili wa meli. Kisha akaacha kukisikia. Akamfuata kwa kupapasa, akamkuta ananing'inia, kipumulio kimemtoka mdomoni. Akamkumbatia, akapanda naye. Kwenye gati wenzao walimkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi, lakini hakurudi.

Polisi walipofika, walikuta jambo lililowakoroga. Marehemu alikuwa amefunikwa shuka, na nyuma ya banda mdogo wake alikuwa amechuchumaa kwenye pipa la maji baridi. Alikuwa ameshaosha vyombo vyote vya kaka yake na kuvianika. Mtungi alikuwa ameumwaga hewa yote, umebaki mtupu.

Mpelelezi wa kesi hakuelewa. Ni mtu makini, wala Mama Pumzi hamlaumu. "Alinipigia simu akasema, mtu anayemlilia kaka yake hakai anaosha vyombo," anakumbuka. "Na wafanyakazi walikuwa wameshamwambia kwamba wiki ile ndugu hao walipandishiana sauti. Mdogo alitaka kuacha kazi, mkubwa hataki. Ukijumlisha hayo, hata wewe ungemtilia shaka."

Kijana akawekwa ndani siku kadhaa, kisha akaachiwa kwa sharti la kuripoti kituoni. Kubwa zaidi lilimsubiri nyumbani. Mama yake, mjane aliyewalea wote wawili kwa kufua nguo za watu, alisimama mlangoni asimpishe.

"Aliniuliza kitu kimoja tu," anasema kijana huyo, ambaye leo ana umri wa miaka ishirini na sita. "Umemfanya nini mwenzako? Mimi mwenyewe sikujua kilichotokea kule chini. Nikanyamaza. Mama akaona kunyamaza kwangu ndilo jibu. Akafunga mlango. Kaka nimempoteza, na mama naye kanikataa."

Alihamia kwa rafiki yake, akilala kwenye mkeka. Hakumtafuta wakili wala hakujitetea. Anasema alikuwa ameanza kuamini kwamba huenda kweli alikosea kitu.

Vitu vilipofika kwenye meza ya bati, Mama Pumzi alivikagua kimoja kimoja. Kipumulio kilikuwa kizima. Mipira haikuwa imekatwa. Hewa, ambayo ndiyo shahidi wake mkubwa, haikuwepo. Daktari wa chumba cha maiti alikuwa ameona damu nyekundu kupita kiasi, dalili inayoweza kuletwa na sumu ya moshi, ila hata maji baridi huweza kuileta. Sampuli ilikwenda maabara, na maabara ikakaa kimya.

"Nilikata tamaa, sikufichi," anasema. "Nikajisemea, huyu mtoto atabeba mzigo huu mpaka kaburini, awe kaua au hakuua."

Kabla ya kufunga jalada, alimwita. Akaondoa kila kitu mezani, akamwambia, "Mwanangu, usinieleze. Nionyeshe. Mikono yako ilifanya nini siku ile, kuanzia ulipofika kwenye pipa?"

Kijana akasimama mbele ya meza tupu. Akaanza kuosha vitu ambavyo havikuwepo. Akasuuza miwani. Akapuliza maji yaliyobaki kwenye kipumulio. Akageuza jaketi la kuelea, lile ambalo mpiga mbizi hulivaa kifuani na kulijaza hewa ili limpandishe, akalikung'uta maji. Kisha kidole gumba kikabonyeza kitu hewani, kidogo, mara moja na nyingine.

"Hapo," Mama Pumzi akasema. "Hapo umefanya nini?"

"Nimelijaza jaketi kidogo. Likianikwa tupu linagandana ndani."

"Umelijaza kwa mdomo?"

"Aa, kwa mtungi wake. Kaka hapendi lijazwe kwa mdomo. Anasema mate yanaozea humo. Kisha ndiyo nikamwaga hewa iliyobaki, maana mtungi haurudishwi stoo ukiwa na hewa. Mama, mimi ndiye ninayemwoshea vyombo, tangu nimeanza kazi. Sijui kwa nini nilifanya. Sikuwa na akili siku ile. Mikono tu ilikwenda."

Mama Pumzi alikwenda stoo ya vielelezo mbio, na mtu mwenye mwili wake hakimbii ovyo. Jaketi, ambalo halikuwahi kuletwa mezani, lilikuwa linaning'inia kwenye msumari, lina kibandiko cha polisi. Akafumbata mikono nyuma, akaliangalia. Lilikuwa limelegea, ila halijalala. Hakuna aliyekuwa amelifungua.

Hewa aliyoivuta kaka mtu mara ya mwisho ilikuwa bado imo ndani, imehifadhiwa na mkono ule ule ulioshukiwa kuipoteza. Aliinyonya kwa sindano, taratibu, akijua kwamba akikosea hakuna nyingine. Kipimo kikaonyesha sumu ya moshi wa injini, ile isiyo na rangi wala harufu.

Kesho yake alikwenda na mpelelezi kwenye banda la kampuni. Haikuwachukua muda. Pampu ya maji ilikuwa imesogezwa chini ya paa ili isinyeshewe, na bomba lake la moshi likawa limeelekea pale pale kompresa inapovutia hewa ya kujazia mitungi. Mtungi wa kaka ulijazwa asubuhi ile, injini ya pampu ikiunguruma. Wa mdogo ulikuwa umejazwa jana yake. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hakuna aliyewahi kuangalia. Majibu ya damu yalipokuja baadaye, yalikubaliana na jaketi.

"Juu ya ardhi hewa ile ingemuumiza kichwa tu," anaeleza. "Kule chini maji yanakukandamiza, na sumu nayo inazidi nguvu. Mtu anapitiwa."

Ripoti ingetosha kumfutia kijana shaka. Mama Pumzi aliona haitoshi. Aliomba ruhusa, akaenda mwenyewe kwa yule mjane, kijana akabaki nje getini, hathubutu kuingia.

Mjane alimsikiliza mpaka mwisho. "Alihangaika?" akauliza.

"Hapana, mama. Alilala."

"Na huyu mdogo?"

"Alimtafuta gizani akampata, akampandisha. Vyombo aliviosha kwa sababu ndivyo alivyokuwa akimfanyia kaka yake kila siku. Na hewa aliyoiweka kwenye jaketi ndiyo iliyotuambia ukweli."

Mjane akatoka bila viatu mpaka getini, akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili. "Mwanangu, nimekukosea," alisema. "Nimekukosea sana." Mama Pumzi anasema alilia pale pale uani, na wala haoni aibu kulisema.

Mwakani anastaafu. Kabla ya hapo ameomba hewa ya kila kompresa ipimwe kwa lazima, na anaandaa mafunzo kwa vikosi vyote vya wapiga mbizi: mwenzenu akifa, msifunge, msifungue, msioshe. Kijana amekubali kusimama mbele yao na kusimulia yaliyomkuta.

Mama yake amesema naye atakuja, na tayari ameagiza neno lake liingizwe kwenye mafunzo.

"Kufundisha mambo ya mitungi ni kazi yenu," alimwambia Mama Pumzi. "Ila waambieni watu wa majumbani, yule anayerudi mzima naye apokelewe. Mimi nilipoteza mmoja, wa pili nikamfukuza mwenyewe."